Damu Inapozibiwa Njia: Tiba ya Endoskopi na Mzunguko wa Damu kwa Mgonjwa wa Sirosisi

Usiku mmoja, katika wodi niliyokuwa nikifanyia zamu, aliletwa kijana aliyekuwa akitapika damu. Ndugu zake walikuja na beseni la plastiki lililofunikwa kwa kitenge ili tulione kwa macho yetu, maana walihofu kwamba wakisema kwa mdomo tu tusingesadiki kiasi cha damu iliyotoka. Kufikia alfajiri alikuwa amekwisha kufanyiwa endoskopi, vena zilizovimba ndani ya umio wake zilikuwa zimefungwa kwa pete ndogo za mpira, na damu ilikuwa imesimama. Nilitoka nje kuwapa jamaa habari hiyo njema. Wanawake walimshukuru Mungu. Baba wa kijana, mzee aliyekula chumvi nyingi katika kilimo cha mpunga wa umwagiliaji, alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu daktari, hiyo damu iliyokuwa ikipita kwenye mishipa mliyoifunga, sasa inapita wapi?"

Nilimjibu, "Usiwe na wasiwasi mzee wangu, mwili unajua kujipangia." Lilikuwa jibu la kumtuliza, na ninakiri kwamba halikuwa jibu la swali lake. Mtu aliyetumia maisha yake kufungua na kuziba mifereji ya mashamba anajua kwamba maji yaliyozibiwa hapa yatatokea pale, na kwamba kuziba bomoko la tuta si sawa na kupunguza mafuriko. Swali aliloliuliza akiwa ameketi kwenye benchi la wodi ndilo lililowashughulisha mabingwa wa magonjwa ya ini kwa miongo kadhaa, na majibu yake yamebadili namna tunavyowatibu wagonjwa hawa. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa asubuhi ile, laiti ningalikuwa na muda na utulivu wa akili.

Njia yenye milango miwili

Ini hupokea takribani lita moja na nusu ya damu kila dakika, yaani kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo wa mtu aliyetulia. Viungo vingi hupokea damu yao kwa ateri peke yake, lakini ini lina milango miwili. Ateri ya ini huleta kama robo ya damu hiyo. Robo tatu zilizobaki huja kwa vena ya lango, mshipa mpana unaokusanya damu kutoka tumbo, utumbo, kongosho na bandama. Damu hii imekwisha kupita katika kapilari za utumbo, ambako imebeba chakula kilichosagwa, na sasa inatakiwa kupenya mtandao wa pili wa vijia vyembamba ndani ya ini pasipo moyo mwingine wa kuisukuma njiani. Kwa hiyo inasafiri kwa shinikizo dogo mno. Tukilinganisha shinikizo la vena ya lango na lile la vena zinazotoka kwenye ini kuelekea moyoni, tofauti yake kwa mtu mwenye afya haizidi milimita 5 za zebaki. Yule anayepimwa shinikizo mkononi na kuambiwa 120 kwa 80 na atafakari jinsi tano hizo zilivyo chache.

Mfumo wa namna hii hauvumilii kizuizi. Sirosisi ndicho kizuizi chenyewe. Iwe imeletwa na homa ya ini aina ya B au C, iwe imeletwa na pombe au na mafuta yaliyojikusanya katika ini, mwisho wake ni mmoja: tishu laini ya ini hukatwakatwa na makovu, chembe za ini zilizosalia hujikusanya katika vinundu, na vile vijia vyembamba hubanwa, hupinda na vingine hufutika kabisa. Hata hivyo makovu peke yake hayatoshi kueleza yote. Sehemu ya kizuizi hicho, ambayo si ndogo, hutokana na kujikaza kwa chembe zinazovizunguka vijia, kwa sababu ini lililougua hutengeneza kwa uchache gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa. Jambo hili lina maana kubwa katika tiba: kovu la miaka mingi haliyeyushwi kwa dawa, lakini mshipa uliojikaza waweza kulegezwa.

Nje ya ini hutokea kinyume chake. Katika ateri zinazolisha utumbo, oksidi ya nitriki huzidi badala ya kupungua, na ateri hizo hutanuka. Mtu angetarajia kwamba lango likibanwa, damu inayoletwa langoni nayo itapungua. Haipungui, inaongezeka. Ni kama mkulima ambaye, baada ya mfereji wake kujaa tope, anafungua bwawa zaidi.

Na kadiri ateri za utumbo zinavyotanuka ndivyo damu nyingi inavyobaki huko, hata sehemu nyingine za mwili zikajiona zina upungufu. Mwanafunzi wa udaktari anayemgusa mgonjwa wa sirosisi kwa mara ya kwanza hushangaa: mikono ina joto, mapigo ni ya haraka na yenye nguvu, moyo unasukuma damu nyingi kuliko kawaida, ilhali shinikizo la damu liko chini. Figo, zikihisi kwamba mishipa haikujaa, huanza kuzuia chumvi na maji kana kwamba mtu yuko jangwani. Maji hayo yaliyozuiwa hayakai ndani ya mishipa; huchuruzika na kulijaza tumbo. Ndiyo maana mgonjwa mmoja huweza kuwa na tumbo lililojaa maji, miguu iliyovimba, na wakati huohuo figo zinazolalamika kwa kiu.

Njia za mchepuko

Damu isiyopata njia hutafuta njia. Mahali ambapo vena za lango zinapakana na vena za mwili mzima kuna vijia vidogo ambavyo kwa mtu mwenye afya ni kama havipo. Shinikizo likizidi hufunguka: kuzunguka kitovu, katika njia ya haja kubwa, kati ya bandama na figo ya kushoto, na pale tumbo linapoungana na umio. Hii ya mwisho ndiyo ya hatari. Damu hupanda kutoka vena za tumbo, hupita ndani ya ukuta wa umio, kisha huingia katika vena iitwayo azigo inayopanda kando ya uti wa mgongo na kumwaga damu yake karibu na moyo. Katika sentimita chache za mwisho za umio vena hizi hupita juujuu, chini tu ya utando laini, hazina nyama ya kuzishikilia. Huvimba kama mishipa ya miguuni mwa mtu aliyesimama miaka mingi, ila hizi hazionekani mpaka mpira wa kamera uingizwe.

Zinapasuka kwa nini? Si kwa sababu ya chakula kigumu, kama wengi wanavyodhani. Mvutano katika ukuta wa mshipa huongezeka kadiri shinikizo la ndani linavyopanda, kadiri upana wa mshipa unavyokua, na kadiri ukuta wake unavyokuwa mwembamba. Aliyewahi kupuliza puto analijua jambo hili mashavuni mwake na masikioni mwake. Tafiti zilizopima shinikizo kwa kupitisha mpira mwembamba kutoka vena ya shingoni hadi ndani ya vena za ini zimetupatia namba ambazo kila anayewatibu wagonjwa hawa anazikariri: tofauti ya shinikizo ikifika milimita 10 za zebaki, vena zilizovimba na maji ya tumboni vinaweza kutokea, ikifika 12, vena hizo zinaweza kupasuka, ikishushwa chini ya 12, hazipasuki ila kwa nadra sana. Kipimo hiki hakifanyiki kwa kawaida katika hospitali nyingi za ukanda wetu, lakini kila uamuzi tunaoufanya kitandani umesimama juu yake.

Sindano na pete

Tiba ya kuziba vena hizi kupitia kinywani si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1939 Clarence Crafoord na Paul Frenckner wa Sweden walieleza jinsi walivyoingiza bomba gumu la chuma katika umio na kuchoma vena kwa sindano ya kwinini, dawa ileile ambayo wazee wetu waliinywa kwa ajili ya malaria. Dawa huunguza ukuta wa ndani wa mshipa, damu huganda, mshipa hukauka na kubaki kovu. Kisha tiba hiyo ikawekwa kando, kwa kuwa madaktari wa upasuaji walikuwa wamevutiwa na njia nyingine iliyoonekana bora zaidi: kuiunganisha vena ya lango moja kwa moja na vena kuu ya mwili, ili damu ilipite ini pembeni.

Inafaa nisimame kidogo hapo, kwa sababu upasuaji huo ndio uliotufundisha upande wa pili wa swali la mzee. Mrusi Nikolai Eck aliujaribu kwa mbwa mwaka 1877. Ivan Pavlov na wenzake wakaeleza mwaka 1893 kwamba mbwa waliofanyiwa hivyo, wakilishwa nyama, hushikwa na wazimu, hutetemeka na kuzimia. Kwa binadamu hali ilikuwa hiyohiyo: shinikizo lilishuka, damu haikutoka tena, lakini wagonjwa wengi walianza kuchanganyikiwa, wakasahau majina ya watoto wao, wakalala mchana na kukesha usiku, kwa sababu sumu za utumboni zilikuwa zikienda ubongoni bila kusafishwa na ini. Basi kuna gharama ya kuishusha shinikizo kwa kuinyima ini damu. Njia hiyo bado ipo katika sura ya kisasa, ya bomba dogo la waya linalopenyezwa ndani ya ini kupitia shingoni, na huokoa maisha ya wagonjwa waliochaguliwa vema. Lakini gharama yake ni ileile.

Endoskopi haifanyi hivyo. Haichepushi damu kutoka kwenye ini. Hilo ni jema lake, na ndilo pia kasoro yake.

Sindano ilifufuka katika miaka ya 1970, ikaenea duniani. Mwaka 1986 daktari wa upasuaji wa Denver nchini Marekani, Greg Stiegmann, pamoja na wenzake walikuja na wazo lililoazimwa kutoka kwenye tiba ya bawasiri: mshipa uliovimba unafyonzwa ndani ya kikombe kidogo kilichovikwa kwenye ncha ya endoskopi, kisha pete ya mpira inaachiwa kuukaba shingoni. Baada ya siku chache kifundo hicho hufa na kudondoka pamoja na pete, kikiacha kidonda kinachopona kwa kovu. Mwaka 1992 Stiegmann na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 129 wa sirosisi waliokuwa wametokwa damu. Miongoni mwa waliochomwa sindano walifariki asilimia 45. Miongoni mwa waliofungwa pete, asilimia 28. Njia zote mbili zilisimamisha damu inayotoka karibu sawasawa. Kwa nini basi vifo vitofautiane hivyo?

Sehemu ya jibu ni madhara ya sindano yenyewe: vidonda virefu vya umio, umio kuziba kwa makovu, homa, nimonia, bakteria kuingia katika damu. Dawa iliyokusudiwa kubaki ndani ya vena moja haibaki hapo. Hupanda kwa vena azigo hadi moyoni na mapafuni.

Sehemu nyingine imo katika shinikizo, na hapa ndipo madaktari wa Athens, Ugiriki, walipofanya kazi ninayoiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri zaidi katika uwanja huu, ingawa ni ndogo. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa sirosisi waliokuwa wakitokwa damu, nusu wakachomwa sindano na nusu wakafungwa pete. Shinikizo la lango lilipimwa kabla ya tiba, mara tu baada ya tiba, kisha kila baada ya saa 24 kwa siku tano. Mara baada ya tiba shinikizo lilipanda kwa makundi yote mawili. Mzee wa mpunga angekuwa ametabiri hivyo pasipo kipimo chochote: ukiziba mfereji, maji nyuma yake yatapanda. Tofauti ilionekana baadaye. Kwa waliofungwa pete, shinikizo lilirudi lilipokuwa ndani ya saa 48. Kwa waliochomwa sindano lilibaki juu kwa siku zote tano za kupimwa.

Siku hizo tano si siku za kawaida. Ndizo siku ambazo damu iliyosimama huwa tayari kuanza tena, na mgonjwa anayetokwa damu mara ya pili, ini lake likiwa limekwisha kunyimwa hewa na chakula mara moja, ana nafasi ndogo ya kupona. Kumwongezea shinikizo katika siku hizo ni kumzidishia hatari kwa mkono uleule uliokusudia kumponya.

Maelezo yanayokubalika zaidi ya tofauti hiyo ni haya. Pete hushika kile tu inachokifyonza, yaani vena za juujuu. Vena za kina zinazouzunguka umio kwa nje na zile zinazopenya ukuta wake hubaki wazi, na damu hupata pa kupitia. Sindano hueneza dawa na uvimbe wake mbali zaidi, ikaziba hata njia ambazo hazikuwa na kosa. Lakini wema huo wa pete una bei: kwa kuwa njia za kina zimebaki wazi, vena za juujuu huota tena kwa urahisi zaidi. Aliyefungwa pete leo na kukauka kabisa hana budi kuangaliwa tena baada ya miezi, na baadhi yao hukutwa wameanza upya.

Inapopita sasa

Sasa tunaweza kumjibu mzee. Kwa siku mbili za mwanzo, damu inarudi nyuma na kujazana, na tumbo ndilo linaloubeba mzigo. Ukuta wa tumbo hujaa damu, ukawa mwekundu wenye madoa kama ngozi ya nyoka, na hali hiyo mara nyingi huzidi kwa muda baada ya vena za umio kufungwa. Baadaye damu hujigawia njia nyingine: zile za kina kando ya umio, zile za kati ya bandama na figo, au vena za juu ya tumbo lenyewe, ambazo zinaweza kuvimba na kuwa ngumu kutibiwa kuliko zile za umio. Kwa wagonjwa waliobahatika, njia mpya huwa pana na salama kiasi, na shinikizo la lango hushuka kidogo. Kwa wengine halishuki. Wapo ambao hupanda.

Kisichobadilika ni chanzo. Baada ya pete zote, ini lina makovu yaleyale, ateri za utumbo zimetanuka vilevile, moyo unakimbia, figo zinazuia chumvi. Mkono wa mgonjwa ni wa joto kama jana. Daktari anayeandika katika faili kwamba vena zimetibiwa, akampa mgonjwa ruhusa bila kitu kingine, ameziba bomoko akaacha mafuriko. Nasema hivi nikijua kwamba limetendeka mara nyingi, na kwamba nami nimelitenda.

Dawa zinazogusa mafuriko yenyewe ni za kale na za bei nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba propranololi, dawa ya moyo iliyokuwa madukani tayari, hushusha shinikizo la lango na hupunguza kutokwa damu tena. Hutenda kwa njia mbili: hupunguza kasi na nguvu ya moyo, na huzikaza ateri za utumbo zilizotanuka, hata damu inayofika langoni ikapungua. Kavedilo, dada yake mdogo, huongeza jambo la tatu la kulegeza mishipa iliyojikaza ndani ya ini. Mwaka 2019 madaktari wa Hispania walichapisha jaribio la wagonjwa 201 wa sirosisi ambao walikuwa bado hawajapatwa na maji ya tumboni wala kutokwa damu. Waliopewa dawa hizi, ni asilimia 16 tu waliofikia hatua mbaya ya ugonjwa au kifo. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 27. Zaidi ya yote, dawa zilizuia tumbo kujaa maji. Pete haiwezi kamwe kufanya hivyo, kwa kuwa haigusi mzunguko unaoyaleta maji hayo. Kwa mgonjwa aliyekwisha kutokwa damu, dawa na pete hutumika pamoja, wala kimoja hakisimami mahali pa kingine.

Dawa hizi nazo zina mipaka. Mgonjwa wa pumu, mwenye mapigo ya polepole mno, au mwenye shinikizo la damu lililoshuka chini ya 90 hazimfai. Si wote wanaozitumia hupata nafuu ya shinikizo la lango, na pasipo kile kipimo cha shingoni hatuwezi kumjua aliyepata na aliyekosa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuendelea na pete.

Kuna jambo jingine linalohusu mzunguko wa damu ambalo huzusha mabishano karibu kila tunapompokea mgonjwa wa namna hii. Ndugu wamejitolea damu, chupa zipo benki ya damu, na daktari amemwongeza mgonjwa mbili tu. "Mbona hammalizii?" Swali ni la haki. Mwaka 2013 madaktari wa Barcelona walichapisha jaribio la wagonjwa 921 waliotokwa damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, karibu theluthi moja yao wakiwa na sirosisi. Kundi moja liliongezewa damu pale tu himoglobini iliposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita. Kundi la pili chini ya 9. Baada ya wiki sita walikuwa hai asilimia 95 ya kundi la kwanza, na asilimia 91 ya kundi la pili. Shinikizo la lango lilipopimwa, lilikuwa limepanda kwa walioongezewa damu kwa wingi. Mwili uliopoteza damu umepunguza shinikizo la lango wenyewe, kwa njia ya hatari lakini yenye manufaa ya muda; ukiujaza kwa pupa, unaujaza mpaka mahali palipopasuka. Kwa hiyo chupa iliyobaki benki ya damu haikuzuiwa kwa ubahili.

Kwa wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa

Siwezi kuimaliza habari hii bila kutaja kichocho cha tumbo, kwa kuwa kando ya Ziwa Victoria, Mwanza na visiwa vya Ukerewe vikiwamo, vena zilizovimba katika umio mara nyingi huletwa nacho wala si na sirosisi. Mayai ya vimelea Schistosoma mansoni husafiri kwa vena ya lango na kukwama katika matawi yake madogo. Makovu hujengeka kuyazunguka matawi hayo. Mwanapatholojia Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliyaeleza mwaka 1904 akiyafananisha na mashina ya viko vya udongo yaliyochomekwa ndani ya ini. Shinikizo hupanda, bandama huvimba hata ikafika kitovuni, vena hupasuka.

Lakini kizuizi kiko kabla ya vile vijia vyembamba vya ini, na chembe za ini zenyewe ni nzima. Kwa sababu hiyo kile kipimo cha kupitia shingoni chaweza kuonyesha namba iliyo karibu na ya kawaida kwa mtu anayetapika damu lita nzima. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa huyu huvumilia kutokwa damu kuliko mwenzake wa sirosisi: ini lake bado linatengeneza protini, bado linasafisha sumu. Pete zinamfaa sana, maana akiokolewa na kupasuka kwa vena anaweza kuishi miaka mingi. Namba za Denver, Athens na Barcelona, hata hivyo, zilikusanywa kwa wagonjwa wa aina nyingine, na anayezihamishia kwa mvuvi wa Ukerewe jinsi zilivyo afanye hivyo kwa tahadhari.

Yule kijana wa beseni hakuwa na kichocho. Alikuwa na homa ya ini aina ya B aliyoishi nayo bila kuijua, pengine tangu utotoni. Alirudi baada ya wiki tatu kwa awamu ya pili ya pete, kama tulivyomwagiza, na baba yake akiwa naye. Safari hii nilikuwa na dakika ishirini. Nilichora kwenye karatasi ya nyuma ya faili ini, lango, tumbo, umio, na mishale ya njia ambazo damu ingeweza kuchukua. Mzee aliitazama michoro, akaweka kidole palipo na ateri za utumbo, akasema, "Basi hapa ndipo pa kupunguza." Nikamwonyesha vidonge. Nikamfundisha kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono wa mwanawe kila asubuhi kabla hajainuka kitandani: yakiwa kati ya 55 na 60 kwa dakika dawa inafanya kazi yake, yakishuka chini ya 50, au kijana akiona kizunguzungu anaposimama, au maji yakianza kujaa tumboni na mkojo kupungua, waje siku hiyohiyo wasingoje tarehe ya kliniki.

Waliporudi mara ya tatu mzee alikuwa na daftari la shule la mistari, na ndani yake safu ya namba zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, moja kwa kila asubuhi. Ya siku ile ilikuwa 58.